Karakana Naiweza, Daftari Ndilo Linanishinda

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wanafunzi walioanza vyuo vya ufundi mwaka huu, na kwa wazazi wao. Wengi walikwenda chuo wakidhani wameachana na hesabu, wakakuta hesabu imewatangulia karakanani. Tumezifupisha barua kwa sababu ya nafasi.

Shikamooni. Nasoma umeme wa majumbani, ngazi ya kwanza. Hesabu za kidato cha nne nilipata F. Kutoboa ukuta, kupitisha nyaya, kufunga soketi, hayo nayaweza, hata mwalimu hunituma niwasaidie wenzangu. Likija somo la hesabu za umeme, kugeuza kanuni kunanishinda kabisa. Nimeshauriwa nitafute tuisheni ya hesabu za sekondari. Itanisaidia? — Mwanafunzi, Iringa

Marahaba. Tuisheni hiyo iache kwanza. Itaanzia kwenye x na y, itazunguka kwenye matrisi na logarithmi, na muhula utaisha hujafika kwenye ampea. Mwaka wa kwanza wa umeme wa majumbani unaendeshwa na kanuni chache sana: V = I × R, P = V × I, P = I² × R (V ni volti, I ni ampea, R ni ukinzani kwa omu, P ni wati), na zile za vipinga vilivyounganishwa kwa mfuatano na kwa sambamba. Ukizimudu hizo na kubadili vipimo, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Kugeuza kanuni, fanya hivi. Pembeni mwa kila kanuni andika mstari wa namba ndogo ambazo huwezi kuzikosea. Kwa V = I × R andika 12 = 3 × 4. Swali likitaka R, tazama namba: ile 4 naipataje kutoka 12 na 3? Kwa kugawa 12 kwa 3. Basi R = V ÷ I. Kwa P = I² × R andika 18 = 3² × 2. R ni 18 ÷ 9, na I ni kipeuo cha pili cha 18 ÷ 2. Wengi hufundishwa pembetatu ya kufunika herufi kwa kidole. Kwa kanuni ya herufi tatu inafaa, lakini ikifika kwenye I² inakuacha njiani.

Ukishazizoea namba ndogo, toka nje ya daftari. Geuza pasi, birika, jiko la umeme, feni, usome kibandiko cha chini au cha nyuma. Pasi ya wati 1,000 kwenye volti 230 inavuta 1,000 ÷ 230, yaani ampea 4.35, na ukinzani wake ni 230 ÷ 4.35, karibu omu 53. Birika la wati 2,200 linavuta ampea 9.57. Jiko la wati 2,000, ampea 8.7. Tengeneza jedwali la vifaa kumi vya namna hiyo: wati, ampea, omu.

Sasa viwashe vyote vitatu kwa pamoja, kwenye karatasi, katika saketi moja ya soketi yenye waya wa milimita mraba 2.5 na breka ya ampea 20. Jumla ni wati 5,200, ampea 22.6. Mwanafunzi mgeni huandika “breka itakatika” na kufunga daftari. Haikatiki papo hapo. Kwa ziada ndogo kiasi hicho, breka ya majumbani inaweza kukaa saa nzima bila kukatika, na waya unapata joto muda wote huo. Ukilieleza hilo kwa mwalimu wako, ile F hataikumbuka tena.

Makosa mawili ndiyo yanayowala wengi. La kwanza ni kusahau kilo (elfu moja) na mili (sehemu moja ya elfu). Ukigawa 2.2 kwa 230 kwa sababu birika limeandikwa kilowati 2.2, utapata ampea 0.0096, umeme usioweza kuchemsha hata kijiko cha maji. Kwa hiyo kisia kabla hujagusa kikokotoo: kwa volti 230, kila kilowati ni ampea nne na kitu. Jibu likiwa mbali na hapo, kagua vipimo kwanza, kanuni baadaye. La pili ni vipinga vya sambamba. Jibu lake sharti liwe dogo kuliko kipinga kidogo kuliko vyote: omu 6 na omu 3 zinatoa omu 2, yaani 6 × 3 ÷ 9. Ile njia ya kuzidisha juu na kujumlisha chini ni ya vipinga viwili tu. Vikiwa vitatu, pata jibu la viwili, kisha ulichukue jibu hilo ukalifanyie kazi pamoja na cha tatu.

Maswali matano kila jioni, dakika 30, yatosha. Ukikwama, omba daftari la mwenzako, soma alivyofanya, lifunge, kisha uandike mwenyewe toka mwanzo. Kunakili ukiwa umelifungua ni zoezi la mwandiko.

Mwanangu ana miaka 17, anasoma ufundi wa mitambo. Wiki ya nne sasa anapiga simu kwamba kazi yao ni kupiga tupa kipande cha chuma toka asubuhi, mikono imejaa malengelenge, na kila akimaliza mwalimu anakikataa. Anataka kurudi nyumbani. Mimi ni mama ntilie, ufundi siujui. Nimwambie nini? — Mama, Tabora

Shikamoo mama. Kwanza tulia: kipande hicho cha chuma hupewa karibu kila anayeanza ufundi wa mitambo, na kukataliwa ndiyo kawaida yake. Mwalimu anatafuta pande zilizo bapa kabisa, zinazokutana kwa nyuzi 90, kwa vipimo vilivyotajwa. Bado hajaanza kumfundisha mashine, anamfundisha mkono kuhisi chuma, na jicho kuona uwazi mwembamba kuliko unywele.

Kinachomkwamisha kijana karibu kila mara ni kimoja: upande anaoupiga unavimba katikati kama mgongo. Sababu ni kwamba tupa inabembea. Inapoanza safari, sehemu kubwa yake iko upande wa mpigaji, kwa hiyo mkono wa mbele ndio ukandamize zaidi. Tupa ikifika katikati, mikono yote iwe sawa. Ikielekea mwisho, uzito uhamie kwenye mkono wa mpini. Anayekandamiza sawasawa mwanzo hadi mwisho anakula kingo zote mbili na kuacha nundu. Mwambie pia aangalie urefu wa jiliwa, kile kifaa cha kubania chuma mezani: midomo yake iwe usawa wa kiwiko chake akiwa amesimama wima. Mrefu akifanyia kwenye jiliwa la chini anainama, na mikono inashuka mwisho wa kila pigo. Kama jiliwa haliwezi kupandishwa, aombe kuhamia lingine, au mfupi apewe ubao wa kusimamia.

Tupa inakata ikienda mbele tu. Ikirudi aiachie isikandamize, maana kuivuta kwa nguvu kunaua meno yake. Apake chaki ya ubaoni kwenye meno ya tupa ili vumbi la chuma lisigande. Likiganda linachora mistari mirefu ambayo mwalimu ataiona toka mlangoni. Asiupapase kwa vidole upande alioupiga: mafuta ya ngozi huifanya tupa iteleze. Kila baada ya mapigo kama 20 aweke skwea (kipimo cha nyuzi 90), ainue kipande kuelekea dirishani, atazame mwanga unapita wapi. Unapopita pana ndipo palipozama, hapo asiguse, apunguze panapoziba. Mwanafunzi anayekagua mara moja tu, mwisho wa siku, hupiga tupa mara mbili ya wenzake.

Malengelenge ni dalili ya kuubana mpini mno. Yakipona ngozi itakomaa.

Lakini mama, usimalize simu kwenye tupa. Muulize anakula nini mchana na kwa pesa gani, analala wapi, na nani anafanya naye kazi kwenye jiliwa la jirani. Mtoto wa kiume mara nyingi hulalamikia chuma ilhali kinachomuumiza ni njaa au wakubwa wanaomcheka bwenini. Ukisikia jibu linasitasita, piga simu chuoni, uombe kuongea na mwalimu mlezi au mshauri wa wanafunzi, na umwambie lile ulilolisikia, si kwamba “mtoto hataki kusoma”. Kama kila kitu kingine ni shwari, mwombe avumilie hadi hatua ya kuweka alama na kutoboa. Hapo kazi inabadilika sura, na wengi waliotaka kukimbia hutulia.

Nimefanya umeme mtaani miaka mingi, nikajiunga chuo ili nipate cheti. Darasani tunafundishwa kushika bisibisi. Je, napoteza muda? — Fundi, Mwanza

Huenda, kaka. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina mpango wa urasimishaji ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini: unapimwa kwa kazi unayoifanya na kwa maswali, mapengo yako yanajazwa kwa mafunzo mafupi, unapewa cheti. Nenda ofisi ya chuo cha VETA kilicho karibu uulize kama fani yako imo na upimaji ujao ni lini, kabla hujaacha nafasi uliyonayo. Kumbuka pia kwamba kufanya kazi za kufunga umeme kwenye majengo kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na cheti cha mafunzo ndicho kinachokufungulia mlango huo. Ukiamua kubaki darasani, usikae kimya nyuma: mafundi wa mtaani huangushwa na michoro na kanuni za usalama, maana mikono yao imezoea njia za mkato ambazo mpimaji hazikubali.

Notisi zetu nyingi na vitabu vya mashine ni vya Kiingereza. Nanakili ubao wote, lakini nikirudi bwenini siuelewi mwandiko wangu mwenyewe. Nifanyeje? — Mwanafunzi wa uchomeleaji, Lindi

Acha kunakili ubao wote. Kwa mchomeleaji wa mwaka wa kwanza, maneno ya Kiingereza yanayojirudia ni mia kadhaa tu: majina ya vifaa, sehemu za mashine, aina za viungo, kasoro za weldi, na vitenzi vya maelekezo. Hayo yanahesabika na yanashikika.

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni mwa ovaroli. Kila neno lipewe nusu ukurasa: neno lenyewe, jinsi linavyotamkwa kwa tahajia yako, jina linalotumika karakanani, na mchoro. Mchoro ndio muhimu kuliko yote. Ukichora kiungo cha pembe na kile cha kupandiana, ukaandika majina yake pembeni, hutavichanganya tena. Tafsiri ya neno kwa neno peke yake inakwama haraka, kwa sababu kifaa kimoja kina jina la dukani, la kamusi na la notisi. Fundi anasema pulaizi, kamusi inasema koleo, na kitabu kina lake. Yaandike yote matatu pamoja.

Kasoro za weldi zinastahili kurasa zake. Vitundu vya hewa, andika sababu: elektrodi yenye unyevu, chuma chenye kutu au rangi, tao (mwako kati ya elektrodi na chuma) refu mno. Kingo zilizoliwa: mkondo mkubwa au mwendo wa haraka. Uchafu ulionasa ndani: hukugonga na kupiga brashi kabla ya kupitisha tabaka la pili. Halafu ubandike hapo kipande cha kazi yako mwenyewe kilichoharibika, au picha yake. Karakana ina kasoro za kutosha kila siku, usiende kuzitafuta kwenye kitabu.

Usiku wa kuamkia somo, tazama kichwa cha somo linalofuata na utafute maneno matano tu. Darasani utayasikia yakipita na utajua mwalimu yuko wapi. Baada ya kipindi, siku hiyohiyo, fumba daftari na umweleze mwenzako somo kwa Kiswahili kwa dakika tatu. Palipokukwama pawekee alama, ukamuulize mwalimu asubuhi. Waalimu wengi hawapendi swali la “sijaelewa kitu”, lakini swali lenye mahali pake wanalijibu hata wakitembea.

Kwenye mtihani tazama kitenzi na alama. Swali linalotaka utaje vitu vinne kwa alama nne linataka maneno manne au sentensi nne fupi. Linalotaka ueleze linataka sababu, kwa hiyo jibu lisilo na “kwa sababu” huwa limepungukiwa. Linalotaka mchoro halisomwi bila majina ya sehemu. Wapo wanaojua kazi vizuri na wanapoteza alama kwa kujaza ukurasa mzima mahali palipotakiwa mistari minne, kisha muda unawaishia.

Uashi naupenda, ila swali la “mifuko mingapi ya saruji” huniharibia kila jaribio. Mwalimu anasema 1:2:4, saruji kwa mchanga kwa kokoto, halafu inatokea 1.54 sijui kutoka wapi. — Mwanafunzi, chuo cha maendeleo ya wananchi, mkoa wa Ruvuma

Ile 1.54 inatoka kwenye mapengo. Kokoto zikiwa kavu kwenye rundo zina nafasi katikati yake. Ukichanganya, mchanga unaingia kwenye nafasi hizo, na saruji inaingia kati ya chembe za mchanga. Kwa hiyo ili upate mita moja ya ujazo ya zege iliyoshindiliwa, unahitaji kama mita 1.54 za vitu vikavu. Vitabu vingine hutumia 1.5, fuata anayoitumia mwalimu wako, usizichanganye katika swali moja.

Chukua sakafu ya mita 4 kwa 3, unene milimita 100. Hatua ya kwanza, kabla ya yote, ni kugeuza milimita 100 kuwa mita 0.1. Hapa ndipo wengi wanapofia: wanaandika 4 × 3 × 100, wanapata mita za ujazo 1,200, zege la kutosha kujenga ghorofa. Jibu ni 1.2. Zidisha kwa 1.54 upate 1.848 za vitu vikavu. Sehemu zote ni 1 + 2 + 4 = 7, basi gawa kwa 7, upate 0.264. Hiyo ndiyo saruji. Mchanga ni mara mbili yake, 0.528, kokoto mara nne, 1.056. Anayegawa kwa 4 badala ya 7 amesahau kwamba saruji na mchanga nao ni sehemu.

Mita moja ya ujazo ya saruji ina uzito wa kilo 1,440 hivi. 0.264 × 1,440 ni kilo 380, na 380 ÷ 50 ni mifuko 7.6. Andika 8, maana dukani hawauzi sita ya kumi ya mfuko.

Sasa ulete swali hilo kwenye ndoo, ndipo litakaa kichwani. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, yaani ndoo ya lita 20 moja na robo tatu. Kwa mfuko mmoja, basi, mchanga ni ndoo 3½ na kokoto ndoo 7. Maji yawe kama lita 25 kwa mfuko, na yapungue kama mchanga umelowa. Ukifika saiti ukakuta wanapima kwa toroli, chukua ndoo ulipime toroli hilo. Toroli lililosawazishwa juu na toroli lililojazwa hadi kilima ni vitu viwili tofauti kabisa, na mchanganyiko unaoitwa 1:2:4 unaweza kuwa unakaribia 1:3:6 bila mtu kujua.

Kuna mtego mwingine ambao mwalimu atafurahi ukiuuliza: mchanga wenye unyevu hutuna. Jaza mchanga wa rundo la nje kwenye chombo hadi sentimita 20 bila kushindilia, umwage pembeni, weka maji nusu chombo, urudishe mchanga ndani na uukoroge. Ukitulia kwenye sentimita 16, ulikuwa umetuna kwa asilimia 25, yaani kila ndoo uliyopima ilikuwa na upungufu, na zege lako lina saruji nyingi kuliko ulivyodhani na mchanga kidogo.

Hapa Kenya mfumo wa umahiri unatutaka tuandae potifolio ya ushahidi, yaani jalada la picha na maelezo ya kazi tulizofanya. Muhula unakaribia kuisha na yangu ina picha nne. Naweza kuijaza vipi? — Mwanafunzi wa mabomba, Kakamega

Usiijaze kwa picha za kazi za wenzako. Mpimaji atakuuliza swali moja tu kuhusu kiungo kilicho pichani, na utakwama. Nenda kwa mwalimu na orodha ya vipengele vya umahiri, mwekee alama vile ambavyo huna ushahidi, umwombe nafasi ya kuvirudia karakanani. Kiungo cha bomba la shaba au kufunga sinki ni kazi ya saa chache.

Kwa kila kazi piga picha tatu au nne: vifaa vikiwa mezani, katikati ya kazi mikono yako ikionekana, kazi ikiwa imekamilika, na geji ikionyesha shinikizo wakati wa kujaribu kama kuna uvujaji. Chini yake andika tarehe, vipimo na idadi ya vifaa ulivyotumia, hatua kwa ufupi, na kasoro iliyotokea na ulivyoirekebisha. Hiyo ya mwisho ndiyo wanafunzi huificha, na ndiyo inayomwonyesha mpimaji kwamba kazi ni yako. Msimamizi atie sahihi siku hiyohiyo. Kutafuta sahihi ishirini wiki ya mwisho, wakati msimamizi wa kiwandani yuko likizo, ni balaa. Picha zihifadhi pia nje ya simu, maana simu ya mwanafunzi huanguka ndani ya ndoo.

Niko peke yangu msichana kwenye ufundi magari. Tuko watano kwa injini moja. Wavulana wanashika spana, mimi naambiwa nifagie au niandike. Wanasema nati za magurudumu sitaziweza. — Dada, Morogoro

Dada, anza na nati, maana jibu lake ni hesabu. Nati ya gurudumu la gari dogo hukazwa kwa nguvu ya mzunguko ya karibu nyutoni-mita 100. Kwa spana yenye mkono wa sentimita 25 unahitaji kukandamiza kama kilo 40. Ukitumia mkono wa sentimita 50, kilo 20. Spana iwe mlalo, usukume kuelekea chini kwa uzito wa mwili, mikono imenyooka. Legeza nati gari likiwa bado chini, kabla ya kupiga jeki. Iliyoganda kwa kutu itadai zaidi, na hapo mkono mrefu ndio dawa. Lakini wakati wa kukaza usitumie bomba la kurefushia: vijana wenye misuli hukaza hadi stadi (boliti inayoshika nati) inavutika, na siku moja inakatika. Kaza kwa kurukia nati ya upande wa pili, malizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Kuhusu zamu, usilalamike kwa jumla, peleka karatasi. Gawa kazi tano: anayeshika zana, anayemsaidia, anayesoma mwongozo kwa sauti, anayepanga vipuri kwa mpangilio wa vilivyotoka, anayeandika vipimo. Kila dakika 20 mnahama. Mwombe mwalimu aibandike ukutani na atie sahihi yake. Itawasaidia pia wavulana wapole kundini ambao, huenda, nao hawajashika spana tangu muhula uanze.

Tunapimia kipande kimoja kwa venia kalipa, chombo cha kupimia unene na kipenyo. Kila mtu anapata kipimo chake. Nani yuko sahihi? — Wanafunzi wa kundi la kwanza, Dodoma

Safisheni kwanza midomo ya kalipa na kipande chenyewe, maana chembe moja ya chuma inatosha kuwapotosha. Ifungeni kabisa mtazame kama sifuri ya venia (rula ndogo inayoteleza) inalingana na sifuri ya rula kuu. Ikiwa imepita mbele kwa 0.04, kila kipimo mtapunguza 0.04. Kama makundi yenu yanatumia kalipa mbili tofauti na hakuna aliyekagua sifuri, ugomvi wenu umeshapata mwenyewe.

Kalipa ya 0.02 ina migawanyo 50 kwenye venia iliyoenea milimita 49, kwa hiyo kila mgawanyo ni milimita 0.98, pungufu ya milimita moja kwa 0.02. Someni milimita nzima kwenye rula kuu kushoto mwa sifuri ya venia. Kosa kubwa kuliko yote ni kusomea kwenye ukingo wa kipande kinachoteleza badala ya kwenye sifuri yenyewe. Kisha tafuteni mstari mmoja wa venia uliolingana sawasawa na mstari wowote wa rula kuu. Tazameni kwa jicho lililo wima juu yake, si kwa ubavu. Mstari huo zidisheni kwa 0.02. Angalieni pia msisomee upande wa inchi.

Zoezi lake: ombeni kwa wenzenu wa umeme vipande vya waya wa milimita mraba 2.5, wa uzi mmoja mzima, uliomenywa. Kila mmoja apime mara tatu, aandike bila kumwonyesha mwingine, kisha mlinganishe. Eneo la mduara ni 3.14 × kipenyo × kipenyo ÷ 4, kwa hiyo kipenyo kinachotarajiwa ni karibu 1.78: milimita 1 kwenye rula kuu, na mstari wa 39 kwenye venia. Msibane sana, shaba ni laini. Tofauti ya 0.02 au 0.04 kati yenu ni ya kawaida. Mkipata 1.6 nyote, kalipa imekaguliwa na sifuri iko sawa, basi huo ni waya wa milimita mraba 2 tu, hata kama rola imeandikwa 2.5, na wenzenu wa umeme wanahitaji kuambiwa kabla haujaingia ukutani.